Sheria Isiyojua Ndugu

Wapendwa, alikuwapo mama mmoja aliyesomea sheria, kisha akarudi chuoni kusomea uchumi. Wenzake walifungua ofisi zao mjini, wakaneemeka. Yeye akabaki wizarani, na jambo lililomkaa moyoni lilikuwa moja: mjane asifukuzwe kwenye nyumba na shamba la marehemu mumewe. Wakubwa walisema hayo ni mambo ya ukoo, si ya serikali. Akawaonyesha kiuchumi jinsi mjane akifukuzwa, shamba linalala na watoto wanaacha shule. Ilichukua miaka, lakini sheria ikapita.

Wino haujakauka, kaka yake mkubwa akafariki. Mdogo wao wa kiume akamfuata ofisini.

"Dada, shemeji bado kijana, kesho ataolewa kwingine na shamba la baba liende. Sheria umeiandika wewe, huwezi kukosa upenyo."

"Kazi yangu ilikuwa kuziba huo upenyo," akajibu taratibu. "Wifi yangu hatoki."

"Kumbe ulisoma ili utunyime sisi."

Akaondoka bila kuaga. Ukoo mzima ukamnunia yule mama. Harusi zikapita bila yeye kualikwa. Niwaulize, ninyi mngestahimili? Kula sikukuu peke yako kwa ajili ya shamba ambalo hata si lako? Aliumia, ndiyo. Lakini usingizi wake alilala.

Miaka ikapita. Amekwisha kustaafu, siku moja anapalilia mchicha wake, akamwona mdogo wake anaingia getini. Mume wa binti wa huyo mdogo alikuwa amefariki, na ndugu wa marehemu wakaja kumtoa yule binti ndani ya nyumba. Walikuwa wameshatoa hata kitanda nje. Mwenyekiti wa mtaa akafika, akawasomea sheria ile ile, wakakirudisha wenyewe.

"Mwanangu yuko kwake," akasema yule mdogo. "Dada, ule upenyo niliokuomba, ndio wangepitia wao."

Mama akakung'uta udongo mikononi. "Pita ndani. Umekula?"

Wapendwa, sisi tunafunga na kuomba watoto wetu wapate vyeo. Wakipata, tunakuwa wa kwanza kubisha hodi: "Mwanangu, nipitishe kidogo." Nani kati yetu hajawahi? Tunatoboa paa wenyewe, na mvua ya kesho hatujui itatukuta chumba gani. Basi ukimwona mtumishi wa umma amemkatalia nduguye, usimnunie. Huenda anamlinda binti yako, ambaye leo bado anacheka na mumewe.