Bi Digidigi na Mbwa wa Kuazima

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa kisima!

Pakawa kiu!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Ukame, palikuwa na kisima kimoja tu. Kila masika yakiisha, wanyama walichagua mlinzi wa kisima. Hakukuwa na makaratasi: unasimama nyuma ya umtakaye, pua kwa mkia, mistari inatazamwa, basi. Mlinzi anakaa mwaka mmoja, anampisha mwingine.

Mwaka mmoja wakamchagua Fisi. Msiniulize kwa nini. Alicheka vizuri.

Mwaka ukaisha, Fisi hakuondoka. Wa pili ukaisha, hakuondoka. Wa tatu ulipoisha, Digidigi, mwenye miguu kama njiti za kiberiti, akasimama mbele ya kisima akasema, "Mzee Fisi, muda umekwisha. Tupange mistari."

Fisi akacheka. Nyuma yake wakatokea mbwa mwitu sita, wamenona, si wa nchi ile. Walikuwa wa kuazima, kutoka kwa Tembo wa Mlimani. Maana Tembo wa Mlimani na Kiboko wa Mto Mkuu walikuwa wakigombea ukubwa wa dunia. Kwao hawakupigana hata kofi. Walipigania kwenye nchi za watu.

"Maneno haya umefundishwa na Kiboko," Fisi akasema.

"Kiboko simjui hata sauti."

"Ndivyo wasemavyo wote waliofundishwa."

Mbwa wakamtia Digidigi pangoni, wakaziba mlango kwa jiwe. Wanyama wakatazama chini. Sungura, aliyesomea visima mpaka digrii na hajapewa hata ndoo, naye akatazama chini.

Mkewe, Bi Digidigi, akaja kwenye ufa wa jiwe. "Baba Kito?"

"Nipo, mama. Nalamba umande wa huu ufa. Siku chache nitazimudu."

"Vumilia. Naenda kwa mwenye mbwa."

Akaenda. Kila alipokata kona alipaka chozi kwenye kijiti, ili mumewe akitoka ajue alikopita.

Tembo akampokea kwa heshima zote. "Uhuru ni kitu kizuri sana, madam. Sisi huku tunauimba kila asubuhi. Lakini Fisi akitoka, nani atakaa kisimani?"

"Atakaa atakayechaguliwa."

"Sasa hapo ndipo penye hatari," Tembo akasema. "Anaweza kuchaguliwa rafiki wa Kiboko. Sori sana."

Bi Digidigi akashuka mpaka Mto Mkuu, akipaka machozi. Kiboko akaibuka, maji yakimchuruzika. "Komredi! Mumeo ni shujaa! Akifa tutamtungia wimbo."

"Sitaki wimbo. Namtaka mume wangu."

"Wimbo wa beti kumi na mbili, komredi!"

Alipoona hataki, Kiboko akampa mzigo wa majani mabichi ya mtoni. Bi Digidigi alikuwa na njaa ya siku nne. Akala kidogo, mengine akambebea mumewe.

Hapo ndipo alipokosea.

Mbwa walimdaka njiani. Fisi akayainua majani juu, wanyama wote wayaone. "Haya huota wapi? Mtoni! Si niliwaambia?" Akaamuru ufa wa pango uzibwe kwa udongo. Bi Digidigi akapiga kelele. Udongo ukakauka.

Siku ya tatu, kule mbali, Tembo na Kiboko wakapatana. Mto ulikuwa umepungua, Kiboko amechoka, wakanywa chai. Siku hiyohiyo Tembo akawaita mbwa wake warudi.

Fisi akatimua mbio mpaka mlimani. "Bosi! Kiboko amefika kisimani!"

"Kiboko gani? Mbona yuko hapa, anaongeza sukari?" Tembo akamtazama. "Na wewe ni nani vile?"

Fisi aliporudi bila mbwa, wanyama walimfukuza kwa kwato na meno, mpaka leo hutembea kama aliyevunjika nyonga. Kisha wakasukuma jiwe, wote, hata Sungura.

"Baba Kito?"

Digidigi alikuwa amelala ubavu, kiu imemmaliza. Ndani, chini kabisa, palipokuwa na ule ufa, palikuwa na chozi moja jeusi, limepakwa ukutani. Limekauka.

Jioni Tembo akaja na hotuba, mbwa wake nyuma. "Hongereni kwa demokrasia! Sisi tuliiamini tangu mwanzo."

Bi Digidigi akamwambia, "Baba, mbwa wako walikula vizuri hapa. Rudi nao tu."

Wakapanga mistari, pua kwa mkia, wakachagua mwingine, na sharti moja: mlinzi haazimi mbwa. Bi Digidigi hakuolewa tena. Ndiyo maana hadi leo digidigi ana alama nyeusi chini ya jicho, na hupaka chozi kwenye kila kijiti anachopita.

Funzo ni hili: mbwa wa kuazima hamng'ati aliyemwazimisha. Na wakubwa wakipatana, hawakurudishii uliyempoteza walipokuwa wakigombana.

Ngano yangu nimeiacha kisimani. Mwenye kata achote, asiye na kata anywe kwa kiganja.