Mikono Miwili ya Shati

Mwiba ni mdogo, tena hauna kelele. Anayeudharau hushtukia mguu umevimba. Shilinde wa Nyamigogo alidharau kitu kidogo kuliko mwiba.

Kila Agosti alitia moto mabua na nyasi zote shambani, kama alivyofanya baba yake huko Shinyanga, mpaka ardhi ikabaki nyeusi, safi kama sakafu iliyofagiliwa. Alikuwa mchapakazi hodari, na mdomo wake nao haukubaki nyuma. Lakini mahindi yake yalizidi kudhoofu mwaka hadi mwaka.

"Udongo umechoka," alimwambia mkewe, Magdalena. "Tunahamia Kasulo."

"Baba Abeli, tulihama Shinyanga, tukahama Geita. Safari hii sihami! Mbona kishamba changu nyuma ya zizi hakijachoka?"

Kishamba hicho hakikuwahi kuchomwa. Magdalena aliyaacha mabua yaozee humo pamoja na samadi.

Mvua za vuli zilipoanza, Yasmini, bibi shamba kutoka Biharamulo mjini, akapita kwao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Alipousikia ugomvi wao, alichota udongo wa kishamba. "Humu mna vijidudu wasioonekana kwa macho. Wamo bakteria, wamo kuvu, jamii kwa jamii, kila mmoja na kazi yake. Gao hili, ujazo wa kiganja tu, lina wengi kuliko watu wa Kagera nzima. Ndio wanaoozesha mabua wakayalisha mahindi. Wewe, baba, unawachoma."

Shilinde alicheka hadi machozi. "Nina ng'ombe arobaini, sasa nifuge na nisiowaona?"

Yasmini hakubishana. Aliomba nguo ya pamba tupu. Magdalena, kwa ukaidi wake, akaleta shati la harusi la mumewe na kulikata mikono. Mmoja ukafukiwa shambani kwa Shilinde, wa pili kwenye kishamba.

"Ikitoka sawa yote miwili, tunahama," Shilinde alisema.

"Nimekubali," mkewe akajibu.

Baada ya miezi miwili Yasmini alirudi, wakafukua. Mkono wa shambani ulitoka mzima. "Mnaona?" Shilinde alitamba. "Udongo wangu umeutunza!"

Wakaenda kwenye kishamba. Magdalena alichimba, akachimba tena, akaibuka na kifungo kimoja na nyuzi chache. Nguo yote ilikuwa imeliwa.

Shilinde alikipokea kifungo, akakigeuza kiganjani. Alikuwa mfugaji tangu utotoni, wala hakuhitaji kufafanuliwa. Majani yakibaki bila kuguswa, ujue malishoni hakuna ng'ombe. Aibu ilimshika, na uchungu pia.

"Mama Abeli," alisema taratibu, "miaka yote hii nimekuwa nikichoma mifugo yangu mwenyewe. Hatuhami."

Agosti iliyofuata moshi ulipanda kwa majirani, kwake haukupanda. Yeye alikuwa akisomba samadi kutoka zizini, shati lisilo na mikono mwilini. Aliyemuuliza kulikoni alijibiwa bila kificho: mdharau mwiba mguu huota tende.