Sauti ya Kumi Ilikuwa ya Nani?

Haya, wewe unayejidai una miguu: unaweza kupiga hatua mbili mfululizo kwa mguu uleule? Simama ujaribu. Nenda mpaka mlangoni. Umejiona? Umerukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Sasa kaa chini usikilize.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ile ambayo mtu alikuwa na digrii, bahasha ya kaki na kitanda cha kuazima kwa mdogo wake, palikuwa na mwalimu wa gitaa kule Tukuyu, kwenye mvua isiyojua likizo. Jina lake Mwalimu Ambakisye. Gitaa lake lilikuwa moja, la nyuzi za nailoni, na sheria yake ilikuwa moja.

"Shahada, kati, shahada, kati," alisema. "Vidole vya mkono wa kulia ni miguu. Anayerudia kidole, anarudi mwanzo."

Watu walirudi mwanzo mpaka mwanzo ukawachoka. Mwanafunzi wake mmoja, binti Tulinagwe, alipokuwa na miaka kumi na miwili, alirudishwa mara arobaini kwa siku moja. Mara ya arobaini akamtukana mzee kimoyomoyo, ila mdomo ukamponyoka, tusi likatoka kwa Kinyakyusa safi. Mwalimu hakuinua hata uso.

"Tusi hilo lina silabi nne," akasema. "Lipige. Shahada, kati, shahada, kati."

Akalipiga. Tangu siku hiyo akampenda yule mzee kwa hasira, mapenzi ambayo hayaishi.

Kila Jumatatu ya Pasaka Mwalimu alikaa barazani kwake akapiga ngazi ya sauti ishirini na mbili, kutoka uzi mnene kabisa hadi uzi mwembamba kabisa. Ngazi tupu, bila wimbo. Watu walikuja na viti vyao kuisikiliza.

Basi mwaka huo, wiki ya kwanza ya Kwaresima, Mwalimu akamsaidia shemeji yake kufunga bodi ya lori la ndizi. Bodi ikashuka, kidole cha kati cha mkono wa kulia kikabaki ndani. Hospitali wakakifunga, wakakifungua, wakasema kimepona. Naam, kimepona: kimepona kwa kushika jembe. Kwenye uzi kilikuwa kijiti.

Shahada, kijiti. Shahada, kijiti. Mzee akaweka gitaa juu ya kabati, akawaita watu wake.

"Anayeweza kunirudishia ngazi yangu, hili gitaa ni lake. Nataka niipige mara moja tu, Pasaka hii, nijue sijafa. Baada ya hapo nitafundisha kwa mdomo."

Tulinagwe akalitazama gitaa. Mfukoni alikuwa na barua ya shule moja ya Mbeya. Miaka minne ya kutuma maombi tangu apate digrii, na hii ndiyo barua ya kwanza kujibu kwa kumwita: mwalimu wa muziki, aripoti wiki ya tatu baada ya Pasaka, "with own instrument". Own! Mtu hana hata kijiko chake, wanamtaka aje na gitaa.

Akachukua karatasi, akachora nyuzi sita, akakesha na hesabu. Asubuhi akaja.

"Mwalimu, with due respect, kati amestaafu. Mwite pete."

"Pete ni mvivu. Mvivu tangu Adamu."

"Mvivu akitembea na kati, Mwalimu. Mpe shahada awe mwenzake. Tazama, urefu wao unalingana. Shahada, pete, shahada, pete."

Mzee akajaribu. Kwenye nyuzi tatu nyembamba pete akatembea, kwanza kwa kuchechemea, baada ya wiki kwa maringo. Lakini kwenye nyuzi nene akazama. Sauti ikatoka kama mtu anayebisha hodi akiwa na glavu. Ngazi ilikuwa na juu, haikuwa na chini.

Akaja Lusajo. Huyu alikuwa fundi pikipiki, na Jumamosi alipiga gitaa la nyuzi tano kilabuni. Mwalimu alikuwa amemfukuza darasani miaka kumi iliyopita kwa kosa la kutumia gumba.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja na lile kosa langu."

"Marahaba. Ukae nalo hapohapo mlangoni."

"Kosa linaingia ndani, mzee wangu, nje mvua." Akachukua gitaa. Gumba, shahada, gumba, shahada, kama walevi wawili waliozoeana. Nyuzi nene zikanguruma. Dirisha likatetemeka. Mwalimu akafumba macho.

"Miaka kumi nimekosea," akasema polepole.

"Kumi na mmoja, ila tusihesabiane," akasema Lusajo.

Sasa ngazi ilikuwa na chini na juu. Haikuwa na katikati. Sauti kumi za nyuzi nene zilianza na gumba, zikaishia kwa shahada. Sauti ya kumi na moja, ya kwanza kwenye nyuzi nyembamba, nayo ilianza na shahada. Shahada akaitwa mara mbili mfululizo, na pale pale mkono ukajikwaa. Kila siku pale pale.

"Anza na shahada huko chini," Tulinagwe akamwambia Lusajo.

"Gumba ndiye mwenye mguu mzito, dada msomi, ndiye anayeanza ngoma. Wewe anza na pete huko juu."

"Nikianza na pete, wakifika uzi wa mwisho wanapigana vikumbo. Ninayo hesabu hapa."

"Hesabu yako ina ajira?"

Lusajo mwenyewe aliona limemtoka baya, akaenda kumchemshia chai.

Ndipo sauti ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Alikuwa Mama Subilaga, mshona nguo, mjane, jirani wa Mwalimu kwa miaka thelathini. Cherehani ikanyamaza, naye akaingia na sentimita shingoni, akisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, jamani. Mnanitesa. Kila nikifika kwenye pindo, nanyi mnajikwaa, na mimi napinda mshono." Akamgeukia Mwalimu. "Baba, kitambaa kikijikunja, fundi hapigi sindano mbili hapohapo. Anaruka mshono mmoja. Hiyo ya kumi, acha."

"Nikiiacha itakuwa haipo!"

"Mkono wa kushoto si upo? Nausikia kila siku ukigongagonga mbao ya gitaa. Nao ufanye kazi."

Mwalimu akapiga sauti ya tisa kwa gumba. Ya kumi hakuidonoa. Kidole cha kushoto kikaangukia uleule uzi kama nyundo ndogo, sauti ikatoka yenyewe, na shahada, aliyepumzika, akaipokea ya kumi na moja.

Jumatatu ya Pasaka baraza ilijaa. Sauti ishirini na mbili zikapanda bila kujikwaa. Mzee akalia, watu wakalia, na Tulinagwe, aliyekuwa ameapa kutolia tena kwa kitu chochote kisicho na mshahara, akalia kuliko wote.

Kisha gitaa likawa moja, na mikono ikawa mitatu.

"Sauti kumi na mbili ni za pete na shahada," akasema Tulinagwe. "Nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote. Na ni mimi niliyesema kati amestaafu, wote mkiwa bado mnamsubiri apone." Barua akaiacha mfukoni. Shida si hoja, na yeye alitaka kushinda kwa hoja.

"Bila chini hakuna ngazi," akasema Lusajo. "Na kitu nilichofukuziwa ndicho kilichomwokoa aliyenifukuza. Niombwe radhi kwa gitaa."

Mama Subilaga akazungusha sentimita kidoleni. "Mimi nimetoa sauti moja tu, tena isiyopigwa. Lakini kabla yangu mlikuwa na vipande viwili vya nguo, si nguo. Na miaka thelathini nimelisikia gitaa hili kupitia ukutani. Hakuna aliyewahi kuniuliza, mama, na wewe unataka kujifunza?"

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua. "Nimechoka kurudisha watu mwanzo," akasema. "Kamati ya kwaya ya kanisa iamue." Kamati ikalichukua gitaa, ikalifungia kwenye kabati ya vitabu vya nyimbo, ikasema itakaa.

Imekaa. Imekaa mara nne, na chapati. Kikao cha mwisho kiliahirishwa kwa sababu katibu alikuwa na msiba wa jirani wa shangazi yake.

Leo ni Ijumaa, na Tulinagwe anatakiwa Mbeya Jumatatu. Nyinyi mnaosikiliza, amueni mioyoni mwenu: mwenye sauti nyingi, mwenye sauti za msingi, au mwenye sauti moja iliyoziunganisha? Je, nani alistahili? Nanyi wanakamati, ambao funguo ziko mifukoni mwenu na nailoni inakauka kabatini, msituambie mtakaa tena. Simameni. Taja jina, mwenyekiti, na ufungue kabati leo kabla jua halijazama.