Kinu Hakinywi Dizeli

Kinu hakinywi dizeli. Ndivyo alivyojibu yule mama asubuhi, kijana wa bodaboda alipomwambia nauli imepanda kwa kuwa mafuta yamepanda. Akajitwika mzigo wake, akashika njia kwa miguu, nanyi mkabaki kuulizana kinu na pikipiki vina undugu gani. Haya, sogeeni, na mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio ndiyo ninayoyataka. Msemo huu una wenyewe, na ulizaliwa hivi.

Zamani kidogo, kabla vituo vya mafuta havijafika upande huu, kijiji cha Litumbasi kilikuwa na mashine moja tu ya kusaga. Mwenyewe alikuwa Kastori Hyera, mtu mpole lakini mbishi, akishatoa neno halirudishi hata akijua amekosea. Mkewe aliitwa Osmunda. Dizeli ya mashine ile ilitoka kwa Fidelis, mwenye mapipa pale njia panda, na hapakuwa na mwingine wa kumkimbilia. Fidelis alilijua hilo vizuri kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu.

Basi akaanza kupandisha. Leo barabara imekatika, bei juu. Kesho lori limeharibika, bei juu. Barabara ikatengenezwa, lori likapona, bei ikabaki huko huko ilikokwea. Na kila Fidelis alipopandisha, Kastori naye alipandisha bei ya kusaga, akisema, "Mimi nifanyeje?" Akina mama wakanung'unika, wakalipa. Wiki iliyofuata wakanung'unika tena, wakalipa tena.

Siku moja bei ilipopanda kwa mara nyingine, mjane mmoja aitwaye Kandida aliliondoa debe lake la mahindi juu ya mizani. Hakumtukana mtu. Alimwambia Kastori, "Baki salama, baba," akaenda kwake, akakiosha kinu cha marehemu bibi yake na kuanza kutwanga. Jirani akasikia mchi, akaja na mahindi yake. Jirani wa jirani naye akaja. Jumapili baada ya misa wanawake wa Litumbasi wakakubaliana kwamba hakuna atakayepeleka hata punje mashineni mpaka bei irudi chini.

Kastori alicheka. "Waacheni. Mikono ikiota malengelenge watarudi wenyewe."

Mikono ikaota malengelenge, yakapasuka, ikaota sugu. Hawakurudi. Mashine ikanyamaza, na kuku wakaanza kulala mlangoni kwake.

Sasa aliyeumia kuliko wote alikuwa Osmunda. Binti yake Leokadia alikuwa anaolewa Jumamosi, na wakwe walikuwa wanatoka ng'ambo ya mto, watu wa kuhesabu sufuria na kwenda kusimulia. Desturi mnaijua, au kama hamuijui basi shauri yenu na simu zenu. Harusi haipikwi na mama mwenye harusi peke yake. Wanawake wa kijiji ndio huja na nyungo zao, wakaandaa unga, wakapika, wakaimba mpaka bibi harusi anatoka. Mama asiyeingiliwa na majirani jikoni, binti yake huenda kwa mumewe kama mtu asiye na kwao, na maneno hayo ataambiwa mpaka azeeke.

Kisimani walimsalimu Osmunda vizuri, lakini hakuna aliyeitaja harusi. Hata mmoja. Moyo ukamwambia wamemsusa yeye pamoja na mashine. Akawa halali, chakula hakishuki. Akamlalamikia mumewe, na Kastori akajibu kwamba unga wa harusi atausaga mwenyewe.

"Na atakayeupika ni nani?" Osmunda aliuliza.

Kastori akachukua kitambaa. Akaenda kuifuta mashine ambayo haikuwa na vumbi la unga tangu lini.

Alhamisi Osmunda alishindwa kuvumilia. Alijaza mahindi kwenye beseni, akajitwika, akaenda kwa Kandida. Alipopiga hodi michi yote ikasimama. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yakamtoka kichwani.

"Dada Kandida," alisema, "naomba mchi nitwange nanyi. Mwanangu anaolewa keshokutwa na sina mtu jikoni." Hapo machozi yakaanza kumtoka mbele ya watu.

Kandida alimtua beseni. "Huna mtu? Ulimwita nani akakataa?"

Osmunda akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nakuuliza, Mama Leokadia. Tangu lini watu wanavamia jiko la harusi kabla mama mwenye shughuli hajapita nyumba kwa nyumba kuwaita kwa mdomo wake? Wiki nzima tunakungoja. Wenzangu hapa wameshaanza kusema umetususa."

"Nilidhani ninyi ndio mmenisusa mimi."

"Sisi tumesusa bei," Kandida alisema. "Wewe tukususe kwa lipi? Leokadia nimembeba kwa mgongo huu huu. Hebu sukuma mlango ule."

Osmunda akausukuma. Ndani, juu ya mikeka, unga ulikuwa umeanikwa, mweupe, umechekechwa vizuri, wa kulisha kijiji na wakwe wao.

"Wa nani huu?"

"Wa Leokadia. Tulisema usipokuja kutuita tutausonga wenyewe, tuule kwa hasira."

Wanawake wakacheka, na Osmunda akacheka nao huku analia. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni alioutembeza toka bondeni. Akapewa mchi, akatwanga mpaka jua likapinda, na njiani kurudi akapita kila nyumba kuita watu kwa mdomo wake.

Nyumbani alimkuta Kastori anafunga pipa tupu kwenye baiskeli, tayari kwenda kwa Fidelis.

"Rudisha hilo pipa," Osmunda alimwambia. "Watu hawana ugomvi na wewe. Wana ugomvi na bei, na bei inatoka njia panda. Wewe unaibeba tu na kutuletea. Usipoibeba, Fidelis atampa nani?"

Kastori alisimama na kamba mkononi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alilirudisha neno lake pamoja na pipa.

Ijumaa Fidelis alikuja mwenyewe na pikapu yake. Vijiji jirani navyo vilikuwa vimesikia habari na kutoa vinu vyao nje, mapipa yake yalikuwa yamejaa bila mnunuzi, na lori jingine lilikuwa njiani. Akamkuta Osmunda uani katikati ya wenzake, ameshika mchi.

"Shemeji, mwambie Kastori aje achukue mafuta mapema. Wiki ijayo yanapanda tena."

Maneno yale yale yalikuwa yakimtia Osmunda hofu siku zote. Safari hii aliuegemeza mchi begani, akamtazama.

"Pandisha tu, shemeji. Kinu hakinywi dizeli."

Fidelis alicheka. Kisha akamwona Kastori nyuma ya nyumba, mwenye mashine mzima, anachekecha unga ovyo, mweupe mpaka kwenye nyusi. Kicheko kikamkauka.

"Bei tunaweza kuizungumza," alisema.

"Tutaizungumza Jumatatu," Kastori akamjibu. "Leo tuna shughuli."

Leokadia aliolewa kwa vigelegele, na wakwe walihesabu sufuria mpaka wakachoka. Jumatatu bei ya dizeli ikashuka, na siku hiyo hiyo Kastori akashusha yake. Akina mama wakarudi mashineni wakishukuru Mungu, maana msidanganyike, kutwanga ni kazi ngumu, na hakuna aliyekuwa anaipenda.

Kwa hiyo msidhani kinu kina miujiza. Kandida angetwanga peke yake, angechoka, akarudi kwa Kastori kimya kimya, na Fidelis asingejua hata jina lake. Osmunda naye Jumatano alikuwa na kinu uani kwake, lakini angeambiwa bei inapanda angetetemeka. Ijumaa hakutetemeka, kwa sababu nyuma yake michi ilikuwa inagonga, na aliifahamu mikono iliyoishika. Mtu mwenye watu namna ile humtazama mwenye mapipa usoni, akamwambia bila kupandisha sauti: kinu hakinywi dizeli.