Kapu la Kiingilio na Mguu wa Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliofungwa midomo mbele ya wakwe? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasikia watu. Watoto kaeni mbele, wakubwa jibaneni, na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole wenzako wasikie.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na ligi yao ya mpira. Ligi hasa, si mchezo wa kuokotana njiani. Uwanja ulizungushiwa boma la miiba. Boma lilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni palikuwa na kapu. Kila mshabiki alikuja na hindi lake. Hindi kapuni, pu! Pita. Hindi kapuni, pu! Pita. Aliyesimamia kapu alikuwa Ngiri, mweka hazina, meno nje, macho kwenye mahindi.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa Kiboko. Yeye alikaa juu jukwaani, kwenye kiti kipana kuliko mlango wa nyumba yako. Mahindi ya kapuni yalikwenda ghalani, na ufunguo wa ghala alikuwa nao yeye. Mahindi yale yalikuwa ya kulisha wachezaji, na ya kumlipa mganga mchezaji akiumia. Ndivyo mashabiki walivyoambiwa, na ndivyo walivyoamini.

Timu zilikuwa nyingi, lakini zenye makelele zilikuwa mbili, Kwato Moto na Mkia Wima. Mashabiki wa Kwato Moto waliongozwa na Bibi Kanga. Mwili mdogo, madoadoa maridadi, na koo lisilojua kuchoka. Akiita, "Kwato!" uwanja unaitika, "Moto!" Mashabiki wa Mkia Wima waliongozwa na Bwana Kima, mwenye mkia mrefu na mdomo mrefu kuliko mkia. Kanga na Kima walirushiana maneno tangu jua linachomoza mpaka linazama. Kukaa upande mmoja? Thubutu!

Sasa, Kwato Moto walikuwa na winga wao, Digidigi. Jamani, yule alikuwa anacheza! Yuko hapa, yuko kule. Unamkaba kulia, keshapita kushoto, na wewe unabaki umekumbatia upepo. Bibi Kanga alimpenda kama mwanawe wa kumtotoa mwenyewe.

Siku moja Kwato Moto na Mkia Wima wakakutana. Digidigi akauchukua mpira, akakimbia, trrrrr! Nyumbu, beki wa Mkia Wima, naye akaja, gudu-gudu-gudu! Wakagongana. Kacha!

Upande wa Mkia Wima wakashangilia. Upande wa Kwato Moto wakashika vichwa. Digidigi alikuwa chini, na mguu wake ulikuwa umeelekea ambako mguu hauelekei.

Wakambeba mpaka kwa Bibi Nungunungu, mganga wa mifupa. Akapapasa, akatikisa kichwa.

"Umevunjika," alisema. "Kuuunga nitauunga. Lakini mgonjwa atalala kwangu, na mgonjwa anakula. Mimi na wasaidizi wangu pia tunakula. Leteni mahindi, tena haraka. Mkichelewa mpaka mvua zianze, mguu utakuwa umejiunga wenyewe, kombo."

"Ukijiunga kombo, itakuwaje?" Kanga aliuliza.

"Bibi Kanga, digidigi asiyeweza kukimbia unajua ni chakula cha nani."

Alijua. Wote walijua. Hata Chui alikuwa mshabiki wa mpira, ila yeye aliwapenda zaidi wachezaji wanaochechemea. Na siku hizo alikuwa anapitapita karibu na kwa Nungunungu, eti anapunga upepo.

Kanga hakukaa. Wiki ile ile palikuwa na mkutano wa ligi, akaenda mbio. Alimkuta Kiboko ameshasimama, amejaza pumzi.

"Ndugu wanamichezo!" Kiboko alinguruma. "Kazi ya uongozi ni nzito. Sisi hatulali. Kwa hiyo kamati imekaa, kamati imejadili, kamati imeridhia. Malipo ya viongozi yanapanda. Tulipokuwa tunapokea gunia, sasa tutapokea magunia."

"Heee!" wanyama waliguna.

"Mnaguna nini? Huko mbuga za ng'ambo wenyeviti wanalipwa zaidi ya hapo. Tusipojilipa vizuri, tutachukuliwa na mbuga nyingine!"

"Wakuchukue hata leo, Mzee," Kanga alisema. "Mizigo tutakufungia sisi, na ngoma ya kukusindikiza tutapiga."

Wanyama walicheka, kwa-kwa-kwa! Kiboko hakucheka.

"Mzee Kiboko," Kanga aliendelea, "mguu wa Digidigi umevunjika ndani ya uwanja wako. Mganga anataka mahindi. Tufungulie ghala."

"Ghala halina kitu. Hali ni ngumu."

"Kama halina kitu, hayo magunia yenu yanatoka wapi?"

Kiboko akakohoa. Ngiri akakohoa. Wakatazamana, wakakohoa pamoja.

"Suala la Digidigi linashughulikiwa," Kiboko alisema.

"Na nani?"

"Na wahusika."

"Wahusika ndio nani?"

"Mkutano umefungwa!"

Bibi Kanga alitoka pale amefura, manyoya yote yamesimama. Kilichomuuma hakikuwa magunia peke yake. Kilichomuuma ni kwamba katika magunia yale lilikuwamo hindi lake. Kila wiki alikuwa analidonoa shambani kwa shida, analiburura njia nzima, anatia kapuni, pu! Akidhani anamlisha Digidigi, kumbe anamnenepesha Kiboko.

Akawaita mashabiki wa Kwato Moto. "Mechi ya kumtafuta bingwa imekaribia. Tunacheza na Mkia Wima. Mimi nasema tusiende. Uwanja ubaki mtupu, waone."

"Tusiende?" Pundamilia alishtuka. "Bibi Kanga, ni Mkia Wima hao!"

"Wao wakienda na sisi tusiende, si watatuimba mpaka mwakani?" alisema Swala.

Kweli bwana. Kiboko naye hakulala. Alimtuma Ngiri kwa mashabiki wa Mkia Wima akawaambie, "Mmesikia? Kanga anataka mechi ivunjwe. Winga wake kaumia, sasa wanaogopa!" Mkia Wima wakatunga wimbo siku hiyo hiyo. Kwato Moto wakausikia. Damu ikawachemka, wakaapa kwenda uwanjani wote, na mahindi mikononi. Kiboko aliposikia, akajinyoosha kitini, akatabasamu. Aliwajua mashabiki. Wakishatukanana wao kwa wao, hakuna anayelitazama ghala.

Kanga alirudi kwa Nungunungu, akamkuta Digidigi amejikunja pembeni.

"Bibi, usihangaike," Digidigi alisema. "Wewe nenda kaangalie mechi. Utanisimulia."

Loo! Maneno yale yalimchoma Kanga. Kwa sababu, tuseme ukweli, alikuwa anataka kwenda. Mechi ya bingwa! Miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda bila yeye. Akaona aibu. Halafu akawaza. Kama mimi mwenye uchungu wote huu nashindwa kukaa nyumbani, wenzangu watawezaje? Mshabiki humnyimi mpira. Basi, tusiache mpira. Tuache kapu.

Akapiga moyo konde. Akaenda kwa mtu ambaye hajawahi kumtembelea maishani mwake. Alikwenda kwa Kima.

Kima alimwona kwa mbali. "Makubwa! Kwato Baridi wamefika! Umekuja kuomba msipigwe mengi?"

"Kima, leo sikuja kwa utani. Mguu wa Digidigi unaoza pale."

Kima akashusha mkia. Akajikuna shingo. "Sisi tulishangilia siku ile," alisema taratibu. "Tulidhani kanyang'anywa mpira tu. Wallahi hatukujua kama umevunjika. Nyumbu mwenyewe hali vizuri tangu siku ile."

"Hindi lako unalitia wapi ukija uwanjani?"

"Kapuni. Wewe unatia wapi?"

"Kapu hilo hilo. Mnapewa nini nyie Mkia Wima? Nyumbu akivunjika kesho, ataungwa na nani?"

Kima akageuka, akatazama upande wa ghala.

"Nikuulize," Kanga alisema. "Harusini, mpiga ngoma akikukosha, unafanyaje?"

"Namtuza. Naenda nacheza mpaka mbele yake, namwekea mkononi."

"Hupitishii kwa mwenyekiti?"

"Mwenyekiti wa nini? Ngoma kapiga yeye!" Kima aliposema hivyo akajisikia mwenyewe. Akaanza kucheka, akapiga paja. "Bibi Kanga, wewe ni mshenzi mwenye akili! Lakini sikiliza, kesho nitakutukana vilevile. Hilo siliachi."

"Nani kakwambia uache?"

Kanga akawanong'oneza Kwato Moto, Kima akawanong'oneza Mkia Wima. Siku ya mechi ikafika. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Wanyama walikuja kutoka pande zote, vumbi tifu-tifu, nyimbo juu kwa juu. Kila mmoja na hindi lake. Ngiri alipowaona, akamwita mwenzake alete kapu la pili.

"Haya, tieni, tieni!"

Bibi Kanga akafika mlangoni. Hindi mdomoni. Akalipita kapu, akampita na Ngiri, akaenda kando ya boma kwenye uwanda wa nje. Pale alikuwa amelazwa Digidigi juu ya majani makavu, Nungunungu ubavuni kwake. Kanga akacheza kidogo, akazunguka, akaliweka hindi mbele ya Digidigi. Pu!

"We Kanga! Kiingilio!" Ngiri alipiga kelele.

"Leo tunatuza," Kanga alisema. "Aliyetufurahisha ni huyu."

Ngiri alicheka. "Huyo ni mmoja. Wenzake hao wanakuja na akili zao."

Kima akaja. Ngiri akasukuma kapu. Kima akaliruka kapu, hop! Akacheza, mkia juu, akaweka hindi kwa Digidigi. Pu! Mkia Wima wote nyuma yake. Pu! Pu! Kwato Moto wote. Pu! Pu! Pu! Mahindi yakapanda mpaka Digidigi akabaki masikio tu.

"Basi hamuingii!" Ngiri alifoka. Akafunga mlango, kri-i-i-ch!

"Usijali," Kanga alisema. "Hapa pana hewa."

Ndani, mwamuzi akapuliza filimbi, priiii! Wachezaji wakaanza. Mpira ukaenda, tu! Ukarudi, tu! Hakuna aliyesema hata "aah". Nyumbu akaokoa mpira wa hatari, akageuka kupokea shangwe. Shangwe iko wapi? Akaona nyasi. Akaona Kiboko anapiga makofi mawili, pwa, pwa. Na kutoka nje ya boma akasikia, "Kwato!" "Moto!" "Mkia!" "Wima!"

Nyumbu akasimama. Akauchukua mpira, akauelekea mlango.

"Rudi! Nitakufungia!" Kiboko alinguruma.

Nyumbu hakuwa mtu wa maneno. Alipita. Mlango nao ukapita pamoja naye, umemning'inia kwenye pembe. Wachezaji wote wakatoka nyuma yake. Nyumbu akaenda moja kwa moja kwa Digidigi, akapiga magoti.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ndio mpira huo, kaka," Digidigi alisema. "Nenda ukacheze, Bibi Kanga amengoja sana."

Wakacheza pale pale uwandani. Na Nungunungu, mahindi alikuwa anayaona kwa macho yake, akakunja mikono ya nguo akaanza kazi. Digidigi akauma gunzi. Kacha! Mfupa ukarudi mahali pake, ukafungwa vijiti, ukakazwa.

Ndani ya boma walibaki Kiboko na Ngiri.

"Hawatakaa muda," Kiboko alisema. "Bila sisi hakuna ligi."

Kutoka nje, "Gooooli!"

Kiboko akainuka kitini. "Nani kafunga?"

"Sioni, Mwenyekiti. Jukwaa limetazama huku."

"Goooooli!" tena.

Kiboko hakuweza. Naye ni mshabiki, jamani! Akashuka, akaenda ghalani, akarudi na hindi. Akatoka nje. Wanyama wakampisha. Bibi Kanga alitaka kumfukuza, na angemfukuza, mdomo ulikuwa tayari. Akamtazama Digidigi na vijiti vyake mguuni.

"Mzee Kiboko, ukitaka kuona mpira, karibu," alisema. "Hindi hilo moja umetuza, ahsante. Yale mengine tuliyoleta mwaka mzima?"

"Ghala!" mmoja akasema. "Ghala! Ghala!" wote wakasema, Kwato na Mkia, sauti moja.

Kiboko akatazama nyuma, uwanja mtupu. Akatazama mbele, uwanja umejaa. Akatoa ufunguo, akauweka juu ya mahindi. Tangu siku hiyo, malipo ya viongozi yakapangwa na wachezaji na mashabiki, mchana kweupe, baada ya majeruhi kuhudumiwa.

Na ubingwa? Ulichukuliwa na Mkia Wima. Bibi Kanga alilia kwa hasira, na Kima alimwimba mpaka nyumbani kwake, mpaka mlangoni.

Mvua zikaanza, zikanyesha, zikakatika. Nungunungu akafungua vijiti. Asubuhi moja Digidigi alikuwa anajaribu mguu wake peke yake, na Chui akatokea kichakani, polepole, anajilamba. Digidigi akamwona. Akaenda kulia, Chui akaenda kulia. Akapita kushoto, trrrrr! Chui akaenda na uso kwenye tope, pwaa!

Basi, mafunzo ni haya, nayasema wazi asije mtu akasema sikueleza. Mchezo ni wa wanaoucheza na wanaoushangilia. Kiongozi alipwe kwa kazi yake, lakini asijipakulie mwenyewe wakati aliyeumia analala njaa. Na nyinyi mashabiki, tanianeni mchoke, lakini msigawanywe mbele ya aliyekula chenu.

Ngano yangu imetua hapo. Nimeipokea kwa bibi, nimewakabidhi nyinyi. Atakayeisimulia kesho, asimsahau Kanga.