Chiriku Aliyebeba Neno la Chui

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Neno!
La nani?
La mwenyewe!

Haya, sogeeni. Na wewe Mwanakombo, acha kumfinya mwenzio. Leo nawaambia lilikotoka lile neno la kale, chambilecho. Wajuaji watawaeleza mengine. Waacheni, mimi ndiye ninayejua.

Hapo zamani za kale neno halikuwa na mwenyewe. Aliyelifikisha ndiye aliyelipwa, shukrani au kipigo.

Kikaja kiangazi, kikabaki kisima kimoja. Chui akajilaza kando yake. Akamwita Chiriku, ndege mdogo mwenye makinda kiotani.

"Nenda kwa Nyati. Mwambie, kisima ni changu, usinywe!"

"Nisipokwenda?"

"Nitakula makinda yako."

Chiriku akaruka, puru puru puru, mpaka kwa Nyati.

"Kisima ni changu, usinywe!"

"Chako wewe, kijidege?"

Nyati akampiga pembe, manyoya ya mkia yakapukutika yote.

Akarudi. Chui akasema, "Nenda kwa Ngiri."

Puru puru puru, mpaka kwa Ngiri.

"Kisima ni changu, usinywe!"

"Chako wewe, kijidege?"

Ngiri akampiga kumbo, ubawa ukateguka.

Akarudi. Chui akasema, "Nenda kwa Ndovu."

Hapo Chiriku alilia, jamani. Akienda, atakanyagwa. Asipoenda, makinda wataliwa.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, mbona neno la mtu unalifanya lako? Lipeleke pamoja na mwenyewe."

Kuruka hawezi tena. Akaenda kwa miguu, chopi chopi chopi, mpaka kwa Ndovu. Ndovu alipoinua mguu, Chiriku akapaza sauti:

"Chambilecho Chui, kisima ni changu, usinywe!"

Mguu ukabaki juu.

"Cham nini?"

"Chambilecho. Yaani ndivyo alivyosema yeye. Mimi nimebeba tu."

Ndovu akaushusha mguu pembeni, polepole. Akampandisha Chiriku mgongoni, akawapitia Nyati na Ngiri, wakaenda kisimani.

"Chui, umesema kisima ni chako?"

Chui akatazama pembe za Nyati. Akatazama meno ya Ngiri. Akatazama mguu wa Ndovu.

"Mimi? Sijasema kitu!"

"Hujasema?"

"Haki ya Mungu, sijasema!"

"Basi kisima si chako," akasema Ndovu. "Ondoka tunywe. Na ukionekana karibu na kiota cha Chiriku, utajibizana na mguu huu."

Chui akaondoka, mkia katikati ya miguu. Chiriku akanywa wa kwanza, Ndovu akamfikisha kiotani, akawapelekea wanawe maji mdomoni.

Hadithi yangu imefika kisimani, mwenye kiu ainame. Nanyi mkibeba neno la mtu, mtajeni. Mkisema lenu, lisimamieni.

Na kama ngano hii imewakolea, ni yangu mimi, Bi Zuwena. Kama haikuwakolea, chambilecho marehemu bibi yangu!