Dari la Mawaridi la Bwana Numerio

Nikisema njooni, ninyi semeni tumefika. Njooni! Ah, hiyo ni sauti ya watu walioshiba ubwabwa wakasinzia. Njooni! Haya, sasa mmefika.

Leo sina sungura wala fisi. Nawapeleka mbali, katika mji wa Roma, zamani za kale, kwa matajiri waliokula mpaka wakachoka kutafuna. Mtawacheka. Chekeni, sikatazi, ila chekeni kwa adabu, maana humu ndani tumo watu tuliohudhuria harusi ya Jumamosi.

Huko Roma aliishi muuza marumaru aliyeitwa Bwana Numerio, na nyumbani kwake walikuwamo watumwa watatu wenye vipawa.

Wa kwanza aliitwa Sira, mpishi, na kipawa chake kilikuwa pua. Najua na wewe unayo, lakini yako ni ya kuwekea miwani. Sira akipita tu karibu na kapu la samaki alijua huyu kavuliwa leo, yule juzi, na aliyelibeba kapu ameonja divai ya bwana njiani.

Wa pili alikuwa mzee Hilaro, mpiga filimbi, na kipawa chake kilikuwa masikio. Aligonga mtungi kwa ukucha akakwambia una ufa, hata kama wewe ulikuwa umeukagua mara tatu ukauona mzima. Watu wote wa nyumba ile aliwajua kwa hatua zao.

Wa tatu alikuwa Kalisto, mtaja majina. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, kuwatangaza wageni, na kumnong'oneza bwana wake nani amefiwa na nani ameoa tena. Kwetu tungemwita mshereheshaji na kumpa kipaza sauti. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Kalisto angeweza kukuuzia viatu ulivyovaa, nawe ukaenda zako ukimshukuru.

Msidhani hawa walikuwa wafanyakazi wa mshahara na likizo. Walikuwa mali ya bwana, kama viti na masufuria. Na Sira alikuwa na jambo lililomkosesha raha: alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na hajamwambia mtu. Sheria ya Roma juu ya hilo haikuwa ndefu. Mtoto humfuata mama. Mama akiwa mtumwa siku ya kujifungua, mtoto naye ni mtumwa; mama akiwa huru, mtoto huzaliwa huru. Kila asubuhi Sira alikwenda kutapika nyuma ya jiko, akajifuta, akarudi kwenye vyungu vyake huku moyo ukimuuma.

Sasa, Bwana Numerio alikuwa na jirani, na jirani huyo alikuwa ameandaa karamu ambayo divai yake ilipozwa kwa theluji iliyotolewa mlimani kwa nyumbu. Mji mzima ukaisimulia. Numerio hakula, hakulala. Mwishowe akatangaza karamu yake mwenyewe. Patakuwa na tausi waliookwa kisha wakavikwa tena manyoya yao, panya wa porini waliopakwa asali, na sinia zima la ndimi za flamingo, ndege wenyewe wakitupwa. Na juu ya yote patakuwa na dari: dari la mbao chini ya paa, lenye milango midogo. Bwana akipiga makofi, milango itafunguka na mawaridi yatawanyeshea wageni wakiwa wanakula.

"Vikapu ishirini vinatosha," fundi seremala alimwambia.

"Weka sitini. Na yamwagiwe maji yasinyauke."

"Bwana, maji yana uzito."

"Nimekuita upige misumari au unifundishe kufanya sherehe?"

Naona mnatikisa vichwa. Mnamshangaa nani? Mimi mwenyewe Jumamosi nilikaa kwenye ukumbi ambao maharusi waliingia ndani ya moshi uliotoka sakafuni, moshi mzito hata shangazi wa bwana harusi akamkalia mtu aliyekuwa tayari kitini. Keki ilikuwa na ghorofa nane, na ghorofa sita zilikuwa boksi lililopakwa sukari. Wali uliobaki ulizolewa kwa koleo. Na ukituuliza waliopika ule wali ni akina nani, hakuna anayemjua hata mmoja. Basi tumwache Numerio ale.

Karamu ilianza mchana, jua likiwa bado kali. Wageni walikuwa arobaini. Warumi wa hadhi walikula wakiwa wamelala ubavu kwenye vitanda, na kila aliyelala pale alilala kwa kufuata cheo chake. Kwenye kitanda cha katikati alilala mgeni wa heshima, hakimu wa mji, na pembeni yake binti wa Numerio, Nonia, mtoto wa miaka saba.

Sira aliingia na sinia la tausi. Harufu zilimpokea mlangoni: mawaridi, manukato, divai, mafuta, jasho la watu walioshiba. Zote alizijua. Lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya utomvu wa msonobari, tena mbichi, ya mti unaopasuliwa wakati huohuo. Jikoni hakukuwa na msonobari. Bustanini hakukuwa na msonobari. Msonobari pekee katika nyumba ile ulikuwa boriti zilizobeba dari. Akaliweka sinia chini. Hakuna mwingine aliyehisi kitu, na bila pua ya Sira wangeendelea kula mpaka mwisho wao.

Akamwendea Hilaro pale nguzoni, akajifanya anaokota kitambaa. "Mzee, boriti inapasuka. Naisikia harufu yake. Sijui ni ipi."

Hilaro hakuacha kupiga filimbi, kwa sababu muziki ukikatika bwana atageuka. Alishuka tu kwenye sauti ya chini kabisa, akafumba macho, akasikiliza. Watu arobaini walikuwa wakicheka na kutafuna mifupa. Katikati ya kelele zile akaisikia: kwii, kimya, kwii. Akaitoa filimbi mdomoni kidogo. "Ni mbili. Moja iko juu ya mlango mkuu, nyingine juu ya kitanda cha mtoto. Ya mlangoni ndiyo itatangulia. Watoke kwa upande wa bustani, na watoke sasa hivi. Sahani ya mwisho hawataifikia." Bila masikio ya Hilaro wangekimbilia mlango mkuu, na huko ndiko kifo kilikokuwa karibu zaidi.

Sasa watatoka vipi? Mtumwa akipiga kelele kwamba dari linaanguka, Roma ile atachapwa kwanza, aulizwe baadaye. Na walevi arobaini wakishtuka wote kwa pamoja watakanyagana. Hilaro akamwonyesha Kalisto dari kwa kidole kimoja, kisha bustani. Kalisto akaelewa. Rangi ikamtoka usoni, lakini alipofungua kinywa sauti ilikuwa ya asali.

"Waheshimiwa! Zawadi za kubeba nyumbani zimepangwa bustanini. Hazikuandikwa majina. Atakayetangulia atachagua!"

Jamani! Watu waliokuwa wakihitaji kusaidiwa kugeuka ubavu waliruka kama mbuzi. Hakimu aliacha kiatu. Mabibi wawili walikwama kwenye uwazi wa bustani, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake mpaka wakasukumwa wote kwa pamoja. Nonia, kwa kuwa ni mtoto, alikuwa amefika kabla ya wote. Na Numerio aliwakimbilia nyuma akipiga kelele, "Zawadi zipi? Nani kaweka zawadi?" Basi naye akatoka. Bila ulimi wa Kalisto, hakuna ambaye angeacha sahani yake.

Alibaki mmoja. Mjomba wa Numerio, mtu wa kilo zake, alikuwa anafunga paja la tausi ndani ya kitambaa cha mezani ili alipeleke nyumbani. Warumi walikuwa na tabia hiyo. Sisi hatuna, sisi tunakuja na mfuko wa nailoni kwenye pochi kabisa, na dada wa safu ya pili ananielewa. Kalisto akamshika mkono wa kulia, Hilaro wa kushoto, Sira akasukuma kwa nyuma kwa nguvu zake zote, wakatoka naye pamoja na paja lake.

Dari likashuka. Kwanza upande wa mlango, kisha lote. Boriti, mbao, na vikapu sitini vya mawaridi yaliyolowa maji viliangukia vitanda vitupu, vikabana sahani za fedha zikawa bapa. Vumbi lilipotulia, waridi moja lilikuwa limekaa juu ya mto wa Nonia, na boriti ilikuwa imelala juu ya waridi.

Numerio akahesabu watu. Arobaini. Akahesabu tena. Arobaini, na binti yake. Akapiga magoti kwenye nyasi, akamkumbatia yule mtoto, akalia kwa sauti bila kujali nani anamtazama. Wageni wakaanza kucheka na kulia pamoja, wakishikana mabega, hata waliokuwa hawasemezani tangu mwaka juzi. Sira alikaa chini kwenye ukingo wa kisima. Kifua kilikuwa chepesi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu alicheka hadi machozi.

Mjomba akauliza, "Na zawadi?"

"Si hiyo, mzee?" Kalisto akamjibu. "Unapumua."

Habari yote ikasimuliwa. Hakimu akasema, "Numerio, fimbo yangu ninayo. Nikimgusa mtumwa kwa fimbo hii mbele ya bwana wake na mashahidi, anakuwa huru papo hapo. Wape hawa zawadi yao."

Numerio akafuta machozi. Akawatazama watumwa wake watatu. Nawaambia ukweli, alitaka. Sira aliona kabisa kwamba alitaka. Kisha akasema, "Mmoja."

"Waliotuokoa ni watatu," hakimu akamwambia.

"Na mimi nina nyumba ya kuendesha! Mpishi, mpiga filimbi na mtaja majina, wote waondoke siku moja? Mwezi ujao nitakaribisha wageni na nani?"

Sira akayatazama mawaridi yaliyorundikana sebuleni, na ndimi za flamingo ambazo hakuna aliyezigusa. Mtu huyu siku zote alikuwa mwaga mali, na leo ndiyo siku aliyochagua kubana matumizi.

"Chagueni wenyewe," Numerio akawaambia. "Machela ya kumbebea hakimu ikifika kabla hamjakubaliana, basi hakuna."

Wakasogea pembeni. Hapo ndipo ulipozuka ubishi.

"Mimi ndiye niliyeanza," Sira akasema. "Bila pua yangu, mzee, ungekuwa bado unapuliza filimbi."

"Na bila masikio yangu ungewapeleka mlango mkuu ukawaua mwenyewe."

"Na bila ulimi wangu," Kalisto akasema, "mngekuwa watu wawili wenye habari ya kweli na migongo iliyochapwa."

Wakatazamana, wakacheka tena. Walikuwa hai, na kugombana kulikuwa kutamu. Kisha Hilaro akaacha kucheka.

"Nitasema langu. Sikio la kushoto limeanza kuziba. Mpiga filimbi kiziwi hana kazi, na mnajua mtumwa mzee asiye na kazi hupelekwa wapi. Kile kisiwa cha mtoni. Anaachwa pale na mkate mmoja. Lakini Sira, mwanangu, mimi hukusikia kila asubuhi nyuma ya jiko. Najua unalolibeba. Nisingependa kujifanya sijui."

Sira alihisi uso ukimchoma. Siri aliyoificha miezi mitatu ilikuwa imelala mbele yao, na hakujua kama ameibiwa au amesaidiwa. Wakamgeukia Kalisto.

"Na wewe, mdogo wangu?" Sira akamuuliza. "Una sababu gani?"

"Ninayo."

"Itaje."

"Hapana, dada. Nikiitaja nitaitaja vizuri mno. Mtalia, na nitaondoka na kofia wanayovishwa watumwa walioachwa huru, nisijue kama nimestahili au nimewahadaa. Nimewahadaa watu arobaini leo. Nyinyi siwezi."

"Afadhali ungesema!" Sira akamfokea, na machozi yakamtoka. "Unadhani kunyamaza kwako hakunielemei?"

Wachukuzi wakaonekana getini, machela begani. Hakimu, kiatu kimoja tu mguuni, akasimama mbele ya mashahidi, akainua fimbo.

"Jina?"

Hakuna mgeni aliyeweza kumsaidia. Walikuwa wamekula kwa mikono ya watu hawa miaka mingi, na hakuna aliyejua wanaitwaje. Hilaro akamtazama Sira. Kalisto naye akamtazama Sira.

"Taja wewe," wakamwambia wote wawili. "Utakayemtaja, sisi tumeridhika."

Sira akasogea mbele. Akijitaja mwenyewe, mtoto wake atazaliwa huru, na mzee aliyemwita mwanangu atangoja kisiwa. Akimtaja Hilaro, mzee atazikwa akiwa mtu huru, naye Sira tumboni mwake ataendelea kulea mali ya Numerio. Akimtaja Kalisto, atakuwa amemlipa mtu aliyekataa kujiombea, kwa sababu ambayo pengine hataijua kamwe.

Nanyi msinijibu kwamba wote watatu. Hakimu alikwisha kulisema hilo, na Numerio akakataa. Msinijibu pia kwamba Warumi walikuwa watu wa ajabu, kwa sababu tumekwisha kucheka, na kucheka hakumsaidii Sira. Wageni wote wako salama, machela inangoja, fimbo iko juu, na mwanamke yule amefungua kinywa.

Je, wewe ungetaja jina la nani?